Ukurasa Mweupe wa Siku za Giza

Kabla hujanunua memori zaidi, kijana, vuta kiti kwanza. Najua ulichokuja kuniambia, maana wenzako wameshaniambia hivyo hivyo. Tovuti ya mteja imekuwa nyeupe pe, seva inasema memori iliyoruhusiwa imekwisha, na wewe unataka kumshauri mteja ahamie kifurushi kikubwa. Huenda una haki. Lakini umeuliza ni nani anayeila hiyo memori? Hujauliza. Umekuta sufuria tupu ukakimbilia dukani kutafuta sufuria kubwa zaidi, na mlafi umemwacha jikoni.

Mimi nimestaafu, lakini macho ndiyo yaliyoomba ruhusa, siyo mimi. Sasa niko Maguu na kahawa yangu na kuku wangu, na ile ofisi ya Mbinga mjini mmeichukua ninyi, mkaipaka rangi ambayo sitaki kuizungumzia. Kwa miaka mingi nilitengeneza na kutunza tovuti za watu wa huku kwetu: vikundi vya kahawa, shule, nyumba za wageni za ufukweni, na kwaya moja iliyotaka wimbo uanze wenyewe mtu akifungua ukurasa tu. Niliwakatalia. Walininunia kanisani hadi Pasaka ikapita.

Kazi hii sikufundishwa na mtu wa kompyuta. Nilifundishwa na Mzee Nchimbi, fundi redio wa pale sokoni Mbinga, nikiwa bado kijana wa kubeba betri. Mtu akileta redio imekufa, Mzee hakubadilisha kitu. Alifungua, akachomoa kila kilichoweza kuchomolewa, kisha akarudisha kimoja kimoja huku akisikiliza. "Ukibadilisha kabla ya kujua," alikuwa akisema, "hata ikipona hujui umeiponya na nini. Kesho ikifa utaanza upya." Wateja walimwona anachelewesha. Mimi pia nilimwona hivyo, mpaka nilipoanza kushika tovuti za watu.

Sasa twende taratibu, kwa sababu wengine mnaonisoma mmeanza juzi. Tovuti inakaa kwenye seva, na seva wengi wetu tumeikodi, tunaishi na wapangaji wengine nyumba moja. Mwenye nyumba anakupa vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Cha kwanza ni nafasi ya kuhifadhia, na hiyo huwa kubwa, wanaitangaza kwa maandishi manene. Cha pili ni memori ya kufanyia kazi, na hiyo huandikwa kwa herufi ndogo pale chini. Kila mtu akifungua ukurasa wako, seva inachukua kiasi cha hiyo memori, inaupika ukurasa, inampa, kisha inairudisha. Ukurasa ukidai zaidi ya ulichoruhusiwa, mapishi yanakatika katikati. Hakuna cha nusu. Mgeni anapewa ukurasa mweupe.

Na kinachodai ni nini? Ni thimu, yaani vazi la tovuti, na plagini, vile vipachiko vya kuiongezea kazi. Siku hizi thimu inauzwa kama dawa ya mnadani: inatibu kila kitu. Ina duka, ina kalenda, ina picha zinazoteleza, ina saa, ina sanduku la kuchati, ina vitu ambavyo hata aliyeitengeneza ameshavisahau. Wewe unatumia viwili, lakini vyote vinaamka kila mgeni anapobisha hodi.

Haya niliyajua kwa kuyasoma. Kuyaelewa niliyaelewea Lituhi, kule ziwani, kwenye mchanga, viatu mkononi.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama wa Lituhi waliokuwa wakikausha usipa, hawa samaki wadogo ambao sisi wa milimani tunawaita dagaa tu, na watu wa ziwani wanatucheka kwa hilo. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Chrispina, mjane mwenye sauti ya kuita boti bila simu. Miaka yote walimuuzia dalali mmoja mwenye lori. Akija anawalalia bei, wakikataa anasubiri mawingu, kwa sababu anajua usipa aliyeloweshwa na mvua ni chakula cha kuku. Mama Chrispina ndiye aliyewashawishi wenzake waachane naye. Alisema: tuweke picha za usipa wetu kwenye tovuti kila asubuhi, wenye maduka wa Mbinga, Ukata na Maguu waone mali yenyewe ilivyo juani, wapige simu, tuwapakie kwenye magari ya asubuhi. Wengi waliogopa. Alibeba dhamana yeye, kwa jina lake.

Tovuti niliwatengenezea mimi, na thimu walichagua wao kikaoni kwa kunyoosha mikono. Kila mama alitaka kitu chake, na kwenye kikao cha namna ile huwezi kumnyima mtu. Huyu alitaka hali ya hewa, yule kalenda ya mwezi, mwingine ua linalofunguka jina la kikundi likitokea. Niliwaambia, "Akina mama, mzigo huu utakuwa mzito." Wakaniambia, "Fundi, wewe ni Mmatengo, mtu wa milimani, unaogopa hata maji ya kisigino." Tukacheka, nikaweka vyote.

Ilifanya kazi vizuri, kisha ikaanza vituko. Wiki mbili inafunguka bila tatizo, halafu siku kadhaa mfululizo ni nyeupe. Kisha inajiponya yenyewe. Ningekuwa na akili ya kulala ningelala, maana kitu kinachojiponya chenyewe hakidai malipo. Lakini mimi kitu nisichokielewa kinaniwasha.

Nilianza na lile ambalo ninyi wote mnaanza nalo. Kuna faili la mipangilio ambamo unaweza kuandika mstari mmoja kuiambia tovuti ijichukulie memori zaidi. Niliandika. Hakikubadilika kitu, kwa sababu juu ya neno lako kuna neno la mwenye nyumba, na lake ndilo lenye nguvu. Ni kama kuchukua ndoo ya lita kumi ukaiandika ubavuni "lita ishirini". Ndoo haisomi.

Nikasoma daftari la makosa la seva, lile ambalo wengi wenu hamjui liko wapi. Tafadhalini, jueni liko wapi. Lilitaja faili la plagini ya hali ya hewa. Nikaiondoa kwa shangwe. Kesho yake ukurasa mweupe, na safari hii limetajwa faili la kalenda. Hapo nikajifunza jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu changu: daftari linamtaja aliyekuwa mezani chakula kilipokwisha. Aliyekula sana anaweza kuwa ameshaondoka zamani, anajipangusa midomo nje.

Kisha nikaona jambo la ajabu. Niliweka siku za ukurasa mweupe kando ya kalenda ya mwezi, nikakuta zinaangukia siku za giza, zile ambazo mwezi hauonekani. Mbalamwezi ikiwepo tovuti ni nzima. Nilimpigia Mama Chrispina.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mama, tovuti yenu inaumwa na mwezi."

Akasema, "Baba, hapa kuna watu wameshaanza kusema ni mkono wa mtu. Usiwaongezee. Wawili wamerudi kwa dalali wiki hii. Nikipoteza wengine watatu sina kikundi, na mimi mwenyewe sitakuwa na uso wa kupita hapa ufukweni. Njoo uone."

Nikapanda gari alfajiri kupitia barabara ya Kitai, tukala vumbi la malori ya makaa ya mawe mpaka nyusi zikawa za mzee kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimeshaichomoa plagini ya kalenda ya mwezi, nikiamini ndiye mchawi. Nilipofika Lituhi nikafungua simu. Nyeupe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nilikaa ufukweni nikaangalia watu. Sikugusa kompyuta. Boti zilikuwa zimerudi zimejaa, kwa sababu usipa huvuliwa kwa taa, na taa inavuta samaki pale ambapo hakuna mbalamwezi ya kushindana nayo. Kwa hiyo siku za giza kila chanja ya kukaushia pale Lituhi ilikuwa imefunikwa na usipa, fedha tupu inang'aa juani, na kila mama alikuwa akiipiga picha chanja yake. Mbalamwezi ikiwepo, chanja chache tu ndizo huwa na mali. Mwezi haukuwa na kosa. Picha zilikuwa nyingi, basi.

Lakini picha nyingi peke yake hazitoshi kuua tovuti, na hili lilinisumbua. Nikauliza mbona hawapandishi mmoja mmoja kadiri anavyomaliza. Mama Agnes, ambaye chanja zake zilipakana na za mwenyekiti na ambaye hakuwahi kukubali jambo bila kulikataa kwanza, alinitazama kama mtoto.

"Atakayepandisha kwanza picha yake itakaa juu. Mwenye duka akifungua anamwona yeye, anampigia yeye. Sisi wengine tukale mchanga?"

Ndiyo maana walikubaliana picha zote, kila moja na namba ya mwenyewe, zikusanywe kwenye simu ya mwenyekiti, zipande pamoja, na ile plagini ya picha izichanganye upya kila mgeni anapofungua, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Niliiweka mwenyewe plagini ile na sikuwahi kujiuliza inachanganyaje. Nilikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikaichungulia ndani. Kumbe kila mgeni mmoja akibisha hodi, inazifungua picha zote kwa ukubwa wake kamili, inazichanganya, inazikata upya kwa vipimo vya thimu, ndipo inaonyesha. Kila mgeni, kila mara.

Hapo nikaelewa kitu ambacho nimewafundisha wote waliopita ofisini kwangu. Picha ikiwa faili ni usipa ndani ya gunia, imebanwa, inakaa kwenye kona ya ghala. Ukitaka kuifanyia kazi lazima uitandaze, na ikitandazwa inataka chanja nzima. Memori ni chanja. Akina mama wale walikuwa na ghala kubwa na chanja ndogo, na plagini ilikuwa inajaribu kumwaga magunia yote kwa mpigo.

Nilifurahi, sitaficha. Nikaibadilisha jina folda ya plagini ile, maana tovuti ikiwa nyeupe hata mlango wa fundi unakuwa mweupe, na njia ya kuizima ni kuingia kwenye mafaili na kubadilisha jina ili mfumo usiione. Nikapunguza picha, kila moja itoshe kioo cha simu. Nikafungua ukurasa. Ukaja wote, mwepesi. Nikainyoosha simu juu, wote waone.

Kelele zilizofuata hazikuwa za furaha. Picha zilikuwa zimejipanga kwa jinsi zilivyopandishwa, na ya juu kabisa ilikuwa ya Mama Chrispina, kwa sababu ilikuwa simu yake na alianza na za kwake.

"Ahaa!" alisema Mama Agnes. "Kumbe tovuti ya mtu! Tulikuwa tunachezewa humu tukidhani ni chama!"

"Agnes, ni mpangilio wa simu tu," mwenyekiti alisema.

"Simu ya nani?"

Hapo hapo simu ya Mama Chrispina ikalia. Alikuwa mwenye duka wa Ukata, ameona picha ya kwanza, anataka magunia kadhaa leo hii. Mama Chrispina alibaki ameishika simu mbele ya wenzake wote. Ziwani, upande wa Malawi, wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Lori la dalali lilisimama juu barabarani, mlango wazi, na mwenyewe anakula muwa bila haraka yoyote. Akina mama wawili walianza kukung'uta magunia yao wakielekea kwake. Nilikuwa nimeiponya tovuti na kukiua kikundi, kwa mkono uleule.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nikuwekee plagini nyingine, nyepesi, inachanganya bila kutandaza. Nipe siku mbili."

"Siku mbili!" Alitazama wingu. Kisha akaniuliza, "Fundi, unaweza kuzipanga picha kwa mkono? Mtu tu azishike azisogeze?"

"Hata kwa kidole, kwenye simu."

Akageuka. "Mabeseni ya leo asubuhi yalipangwaje?"

Huu ni utaratibu wao, na mimi nilikuwa nimeusikia asubuhi ile bila kuujali. Boti zikikaribia, akina mama hupanga mabeseni mstari mmoja mchangani, na wavuvi hujaza kuanzia la kwanza. Aliyekuwa wa kwanza jana, leo anakwenda nyuma kabisa na wengine wote wanasogea mbele hatua moja. Hakuna anayeandika. Kila mmoja anamjua aliye mbele yake, na mtoto wa miaka saba atakuumbua ukidanganya.

"Wa kwanza leo alikuwa nani?" aliuliza mwenyekiti.

Mtu akasema, "Agnes."

"Na wa mwisho?"

Wa mwisho siku ile alikuwa yeye mwenyewe. Akachukua simu yangu akampa Mama Agnes. "Panga. Kama mabeseni." Yule wa Ukata alikuwa bado yuko hewani. Mama Chrispina alimwambia, "Kaka, kata simu, ngoja kidogo, fungua tena ukurasa, mpigie utakayemkuta juu."

Mama Agnes alipanga. Hakukosea hata beseni moja, wenzake walikuwa wamemzunguka wakihakiki. Wale wawili wakarudi na magunia yao. Simu zikaanza kulia, ya huyu, ya yule, kufuata mstari. Wakafunga mizigo mbio mbio, gari la mizigo likaja, likajaa. Simu ya wa mwisho, Mama Chrispina, haikulia tena. Mvua ilianza upande wa ziwani, ikaja ufukweni, na turubai la Mama Chrispina halikutosha chanja zake zote.

Dalali alishuka na mwavuli akamtajia bei. Mama akamwambia hapana, ahsante. Nilimwona akiokota usipa walioloa, anawatia kwenye gunia. Nikaona uchungu, nikamwambia, "Ungeniambia neno moja tu, ningekubakiza juu. Hata kwa saa moja. Mali yako ilikuwa imekauka kuliko zote."

"Ningeuza," alisema. "Kesho ningeuza na nani?"

Gari la kurudi lilikuwa la asubuhi, kwa hiyo nililala Lituhi, na kulipokucha nikateremka tena ufukweni, kwa udadisi wangu tu. Boti zilikuwa zinakaribia. Mabeseni yalikuwa yameshapangwa, yote, isipokuwa pale mbele kabisa palikuwa wazi. Wote walikuwa wanatazama maji. Mama Chrispina alifika na beseni lake la bluu, akaiona nafasi ile. Akaelewa kuwa wenzake wamemwachia yeye, kumfidia ya jana. Mimi mwenyewe nililazimika kufuta miwani.

Kisha akaipita nafasi ile, akatembea mstari mzima hadi karibu na mwisho, akaweka beseni lake mahali pake, la pili kutoka nyuma. Nyuma yake alikuwa Mama Agnes.

"Agnes, sogeza," alisema. "Umenibana."